Kushuka Bugarama kwa Mara ya Mwisho

Pale Bugarama, juu milimani, asubuhi ile kulikuwa baridi, ukungu umejaa barabarani. Tulikuwa watatu, wazee wote, tumetoka Gitega kwa baiskeli zetu, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho: kushuka tu mpaka Bujumbura. Zamani ilikuwa kazi yetu, kushusha ndizi mjini. Wakati wa kupanda tulikuwa tunashika lori nyuma kwa mkono mmoja, madereva wengine wanatufukuza kwa matusi. Mmoja alikuwa anatutupia miwa, mpaka leo sijui kwa nini. Lakini nilikuwa nasema habari ya kushuka.

Rafiki yetu wa Mutakura, mtaa wa kule Bujumbura, macho yake yalikuwa yanakufa. Sisi wawili tulijua, mke wake alijua nusu, na binti yake alishasema safari hii ikiisha, baiskeli basi. Yeye alitaka kitu kimoja: aingie kwake amekaa juu ya baiskeli, kama zamani. Hivyo tu.

Tulijipanga kama siku za ndizi. Wa mbele anapiga kelele kila kona, wa nyuma anafuata sauti. Mbele nilikuwa mi, yeye katikati.

"Kushoto! Lori! Mchanga, kuume!"

"We, punguza mdomo, mi si kiziwi!"

Wa tatu, mcheshi wetu, akacheka kule nyuma: "Muache, amezoea kubishana na mke!"

Breki zetu ni mguu. Unakandamiza gurudumu kwa kandambili ya tairi. Nilikuwa nasikia ya rafiki yetu inalia nyuma yangu, na kila nikiisikia namushukuru Mungu.

Ziwa lilipoonekana chini, nilinyamaza. Miaka yote tukiliona tulikuwa tunapiga mluzi.

"Tumeshaliona?" akauliza.

"Ndiyo."

Akapiga mluzi peke yake.

Tukafika chini salama. Na ni hapo tulikosea. Desturi ya ndizi, kona zikiisha na kelele inaisha, kila mutu anashika njia yake. Nikafunga mdomo, na hakuna aliyeshtuka.

Karibu na Mutakura mama mmoja alikuwa anavuka, beseni ya nyanya kichwani, mutoto mgongoni. Nilimupita. Nyuma nikasikia beseni inaanguka. Usukani wa rafiki yetu ulikuwa umenasa kile kitenge alichobebea mutoto.

"We mzee! Uko kipofu?"

Mutoto hakuumia, hata hakuamka. Mi nikarudi mbio niseme ni breki, niseme ni mchanga, niseme chochote. Rafiki yangu akaninyamazisha kwa mkono.

"Ndiyo, mama," alisema. "Niko kipofu. Nisamehe."

Neno hilo la kipofu sikuwa nimelisikia mdomoni mwake hata siku moja. Mama hasira ikamutoka, akaanza kuokota nyanya. Yeye naye akainama kumusaidia, anapapasa vumbini, anaweka nyanya na mawe pamoja kwenye beseni. Mama anatoa mawe polepole.

Kufika kwa rafiki yangu zilibaki nyumba chache.

"Panda," mcheshi akamunong'oneza. "Mi nitashika kiti, nani atajua?"

"Apana. Tusukume."

Tukasukuma. Mke wake alituona kutoka mbali, akaanza kupiga vigelegele. Halafu akaona tunatembea kwa miguu, akaacha katikati.