Nilivyojiitia Mwizi Guangzhou

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Salim, maana Salim ni Mzanzibari, anasoma chuo kule Guangzhou na ndiye mkalimani wetu sisi wafanyabiashara, na akisimulia yeye mtaambiwa nilikimbia (sikukimbia hata hatua moja).

Ilikuwa miaka ile ya msako wa pasipoti, ukitoka hotelini Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, unakuta askari wamesimama, na watu wazima wenye maduka na wajukuu wanageuza njia kama wezi wa kuku. Siku hiyo nilitakiwa niende soko la ngozi la Shiling kununua mikoba. Sikwenda. Nilikuwa nimesikia kwamba jumba la kale lililopigiwa picha moja ya kareti, ile niliyoitazama ujanani kwenye banda la video kwetu Kahama mpaka nikaijua kama sala, lipo hapohapo mjini na watu wanaingia kwa tiketi. Nikavaa shati jipya nikaenda, pasipoti nikaisahau kwenye shati la jana.

Jamani, kuingia tu ule ua, nikasimama. Mlango ni uleule mweusi, simba wa mawe ni walewale. Mimi niliyetangatanga Lubumbashi, Nairobi na Dubai sikuwahi kufika ugenini nikahisi nimerudi. Na katika picha ile, steringi baada ya kuteseka miaka mingi anasimama mbele ya mlango huo na kupaza sauti: "Juk chaak!" Mwenye banda, aliyekuwa akitutafsiria kwa kipaza sauti, alisema maana yake ni "Mwalimu, nimerudi!" Banda zima tulikuwa tunalia.

Basi nami, machozi yakinitoka, nikapanua miguu nikaachia kelele ileile kwa pumzi zote.

Mara akina mama wakakumbatia mikoba yao, mlinzi akafunga geti, watu wakaanza kuuliza kitu huku wakinitazama, nami nikadhani wanauliza ni nani huyo aliyerudi, kwa hiyo nikajipiga kifua kwa fahari: mimi! Mimi!

(Msicheke bado.)

Wakaja askari wawili. "Huzhao!" Pasipoti, yaani, neno hilo Mwafrika wa Guangzhou alilijua kabla ya neno la maji. Nikapapasa mfuko, nikakuta leso. Hapo nikaloa jasho, maana siku zile ukikutwa bila pasipoti unalala ndani, na wengine walirudishwa makwao mizigo ikibaki. Nikampigia Salim, akapita hotelini, akafika nayo anahema. Askari wakamweleza. Akanigeukia.

"Kaka Deo, umemwitia nani mwizi?"

"Mwizi gani? Nimesema mwalimu, nimerudi."

"Umesema shikeni mwizi! Wakakuuliza yuko wapi, ukasema ndiye wewe!"

"Lakini mwenye banda..."

"Huyo alikudanganyeni! Sasa nisikilize, nawaambia umelewa, tuombe radhi twende zetu."

"Sijalewa. Waambie ukweli."

"Ukweli huu? Watakupeleka kwa vichaa!"

"Waambie mtu mzima amekuja kuona sinema yake, akalia. Kama machozi nayo yanahitaji viza, wagonge muhuri."

Sijui alitafsiri nini (moyo wangu unaniambia alisema nimelewa). Askari mkubwa akaipekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akaona viza iko hai, akanirudishia bila tabasamu, kisha akaninyooshea kidole getini, yaani nitoke.

"Salim, mwambie tiketi nimekata, na vyumba vya ndani sijaviona."

"Kaka Deo, utatuponza!"

"Basi usimwambie."

Nikageuka, nikaelekea ndani. Askari akaita. Umati ulikuwa unanipiga picha kwa simu, lakini niliendelea kutembea taratibu, nyuma yangu Salim akifuata na astaghfirullah zake.

Funzo nimelipata: neno la lugha ya watu silitamki tena kabla sijamuuliza mwenye lugha, na pasipoti nalala nayo. Lakini aibu ya kutembea nimeinamisha uso, hiyo sikuwapa. Askari hawakunifuata; niliingia chumba kimoja baada ya kingine, nikatazama mpaka dari, nikatoka nilipotaka mimi.