Wimbo wa Mama Wawili Chini ya Mabati ya Sake

Kikundi chetu cha kijiji cha Kibabi kilikuwa na mchezo mmoja tu wa kuimba: binti wa wakulima wa maharagwe anaolewa kwa wafugaji. Mimi niliigiza mama wa binti. Mama mkwe aliigizwa na mwanamke mmoja muuza maziwa, mwenye sauti nzito. Nje ya mchezo hatukuwa na mazoea, salamu tu.

Mwaka ule tulialikwa mjini Sake, kwenye sherehe ya kuwapa zawadi vikundi vya maigizo. Kila kikundi kilitakiwa kuimba kipande kimoja kabla ya washindi kutajwa. Sisi tulichagua kile cha mama wawili wanaogombania mahari mpaka wanapatana.

Tulipoanza tu, mvua ikapiga mabati. Kwa kuogopa radi, wenye sherehe wakazima maikro, vipaza sauti vyote. Nikaona mdomo wa mwenzangu unafunguka, nisisikie neno. Nikamsogelea mpaka mashavu yetu yakagusana.

"Tuache?" nikamuuliza.

"Hapana, dada. Imba mu sikio yangu, na mie nitaimba mu yako."

Tukaimba hivyo, mikono mabegani, tukizunguka polepole. Watu walituona tunanong'onezana tu, wasijue kama ugomvi umeisha ao bado. Kwenye mazoezi nilikuwa nasubiri zamu yangu, basi. Siku ile nilimsikiliza yule mama mkwe kwa mara ya kwanza, jinsi anavyoogopa kubaki peke yake na ng'ombe, na pale nilipopaswa kukasirika nikashindwa.

Mvua ikakatika ghafla, kama kawaida yake huku milimani. Sauti zetu zikatoka wazi katikati ya mstari. Papa mmoja, mzee aliyekaa mbele, akaita, "Njo hivyo!" yaani ndivyo hasa. Watu ukumbini wakasimama.

Zawadi walipewa wengine. Mwenye kuongoza sherehe alitueleza kwamba majaji hawawezi kuhukumu wimbo ambao hawakuusikia. Sikuona kosa lao, ingawa niliumia.

Wakati wa kurudi mimi na yule muuza maziwa tulikaa pamoja nyuma ya kamyo ya mizigo, juu ya magunia.

"Kipande ya mahari uliiharibu," akaniambia.

"Nilikuwa nalia."

"Najua. Machozi yako iliniingia mu sikio."

Tukacheka mpaka dereva akagonga bati la mlango kuuliza kuna nini. Siku hizi, akitoka kuuza maziwa, hupita kwangu, tunakaa jikoni.