Marietha na Kadi za Matundu

Marietha alikuwa na uchovu ambao usingizi ulikuwa umeshindwa kuuondoa. Ofisi nzima ya mifugo ya mkoa, pale Singida mjini, iliujua uchovu huo kwa sababu aliutangaza kila asubuhi. Ukimwambia, "Habari za asubuhi, Ndugu Marietha," atakujibu, "Za uchovu," kisha atavua viatu chini ya meza na kuvuta faili la kwanza.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza taarifa. Kwa kuisikia ni kazi nyepesi, na wengi waliopita dirishani wakimwona mama mzima amekaa kivulini na kalamu waliamini kwamba serikali inamlipa kupumzika. Wangejua! Tangu madaraka yalipoletwa mikoani, kila mkubwa alitaka taarifa, na kila mmoja aliitaka kwa mtindo wake. Huyu anataka ng'ombe kwa wilaya. Yule anawataka kwa vijiji vipya vya ujamaa, ambavyo vingine vilikuwa bado ni vigingi porini. Wa tatu anataka majike peke yao, tena ameamka na kiu hiyo leo na taarifa anaitaka jana. Ng'ombe walikuwa walewale. Karatasi ndizo zilizokuwa zikizaa.

Alizaliwa Kinyangiri, wilayani Iramba, mtoto wa pekee aliyebaki kwa mama yake, Leah. Shule alisoma ya misheni, na masista ndio waliomfundisha kupiga taipu bila kutazama vidole. Uhuru ulipokuja akaajiriwa mjini. Aliolewa na fundi wa reli wa Itigi, ndoa ikamshinda mapema, akarudi Singida na sanduku lake kichwani, na taipureta ikampokea vizuri kuliko alivyopokelewa na mume. Hakuwahi kujuta. Alichojutia ni kwamba aliijua kazi vizuri mno, maana mtu anayeijua kazi vizuri ndiye asiyeruhusiwa kutoka.

Mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, macho ya mama yake yalianza kufifia. Jirani mmoja wa Kinyangiri aliyekuja mjini kuuza kuku alimpa salamu: mama anamwona mtu kama ukungu akisimama mlangoni, na anasema uende akutazame kabla hata ukungu haujaisha. Marietha akaomba likizo ndefu. Mkuu wake, Melkizedeki, alikuwa mtu wa Shelui, mpole, mwenye tumbo linalomsumbua na barua za wakubwa zinazomsumbua zaidi. Alimwangalia kwa huruma ya kweli.

"Bi Marietha, nikikuruhusu, taarifa ya robo mwaka ataitengeneza nani? Mimi?"

Robo mwaka ikapita, ikaja nyingine. Jibu likabaki lilelile.

Ndipo akaja Chandrakant. Huyu alikuwa mzaliwa wa Singida, baba yake akiuza vitambaa na yeye karatasi, wino na makabati ya chuma. Sasa alikuwa wakala wa kampuni fulani ya vifaa vya ofisi, na mkoa ulikuwa umetoa agizo kwamba mifumo mipya ya kutengeneza taarifa ifanyiwe majaribio. Kulikuwa na mashine nyingine iliyosifiwa sana, lakini ilitaka umeme usiokatika, na umeme wa Singida wa siku zile ulikuwa na tabia za mgeni: unakuja unapotaka na hauagi. Ikabaki ya Chandrakant.

Alifungua kasha juu ya meza ya Marietha akitabasamu. Ndani mlikuwa na kadi ngumu, na pembezoni mwa kila kadi kulikuwa na matundu pande zote.

"Tazama, dada. Kila kaya, kadi moja. Tundu hili ni wilaya ya Iramba. Hili ni kaya yenye majike. Kaya ikiwa na sifa hiyo, unakata tundu kwa koleo mpaka ukingoni, basi. Sasa wewe unataka kaya za Iramba zenye majike, siyo?"

Akachukua sindano ndefu mfano wa ile ya kushonea magunia, akaipitisha kwenye matundu ya bunda zima, akainua na kutikisa. Kadi zilizokatwa zikaanguka mezani, nyingine zikabaki zimening'inia. Idadi ya ng'ombe ilikuwa imeandikwa katikati ya kila kadi, na kulikuwa na mashine ndogo ya kujumlisha ambayo unabonyeza namba na kuvuta mpini. Karatasi ikatoka, jumla hii hapa.

Marietha alijikuta amesimama bila viatu. Kitu kilichokuwa kikimla majuma kadhaa kilikuwa kimekwisha kabla chai haijapoa. Alitaka kucheka, na alitaka pia kulia, kwa sababu alifikiria miaka yote ile.

"Hata karani mgeni anaweza?" aliuliza.

"Hata mimi naweza, dada, na mimi muuza wino."

Melkizedeki, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akakohoa kidogo. Akasema majaribio yafanywe kwa wilaya ya Iramba, kwa kadi na kwa mkono, halafu Marietha mwenyewe aandike kama mfumo unafaa, maana ndiye atakayeutumia. "Ukipita," akaongeza akitazama dirishani, "ofisi haitakutegemea wewe tu. Utakwenda kwa mama."

Mabwana mifugo wakatumwa vijijini na kadi. Wakafanya jambo la busara sana: walitangaza kwamba chanjo ya ng'ombe itagawiwa kwa kufuata kadi. Basi watu, ambao tangu enzi za Mjerumani walikuwa wakificha ng'ombe wao serikali isiwaone, safari hii wakawataja wote bila kusitasita. Nani anataka ng'ombe wake akose sindano?

Kadi zilipofika mjini, taarifa ikatoka asubuhi moja, safi kabisa. Ile ya mkono, ya orodha zilizoandikwa na makatibu wa vijiji siku hizohizo, Marietha aliimaliza baadaye sana, shingo ikiwa imekakamaa. Akaziweka mbili sambamba. Ng'ombe wa kadi walizidi ng'ombe wa mkono karibu theluthi nzima.

Hakuhitaji kuumiza kichwa. Kila mtu wa Singida angejua kilichotokea. Huku mwenye akili hafungi mifugo yake yote katika zizi moja. Wawili atawawekesha kwa shemeji, jike atampa mjane akamue, dume atalipeleka kwa rafiki wa ng'ambo ya mbuga. Ugonjwa ukiingia kwako haukumalizi. Anayetunza anakunywa maziwa na kupata samadi, ndama anabaki wa mwenyewe. Basi alipokuja bwana mifugo na habari za chanjo, mwenye ng'ombe alimtaja ng'ombe wake aliyeko kwa mjane, na mjane akamtaja ng'ombe aliyeko zizini kwake. Hakuna aliyesema uongo. Ng'ombe mmoja akaingia kwenye kadi mbili.

Katika orodha zao makatibu wa vijiji waliandika pembeni, "huyu wa fulani," na Marietha akawa anawapunguza mmoja mmoja. Kadi haikuwa na tundu la "huyu wa fulani."

Alimweleza Melkizedeki. Mzee akacheka mpaka akashika tumbo. "Basi hata wangu walioko kwa kaka yangu Shelui wamezaliwa mara ya pili! Nimekuwa tajiri." Kisha akaacha kucheka. "Lakini hizo ni namba za karatasi tu, Bi Marietha. Wakubwa wanaipenda taarifa hiyo. Wanasema mkoa umepiga hatua."

Alimwuliza na Chandrakant. Yeye, japo muuzaji, alikuwa mkweli. "Matundu ya ziada yapo, dada. Tunaweza kuweka moja la ng'ombe wa kuwekeshwa. Ila kila kaya itabidi iulizwe upya. Na anayejua kuuliza vizuri ni wewe."

Maana yake ilikuwa miezi mingine. Vijiji vyote vya Iramba, kadi moja moja, na mama akikaa Kinyangiri akitazama ukungu. Marietha alirudi kwenye kiti chake, akavuta karatasi ya mapendekezo aliyotakiwa kuandika. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa amechoka tu, amechoka kusahihisha, amechoka kuwa yeye ndiye anayeona. Kwa nini kila siku iwe yeye? Akashika kalamu, akaandika kwamba mfumo ni wa haraka, ni rahisi kujifunza, na unafaa. Habari ya ng'ombe wa kadi mbili hakuigusa.

Mkoa ukanunua. Likizo ikatoka.

Alipanda lori la mizigo kwa njia ya Iguguno, akafika Kinyangiri vumbi likiwa limemgeuza rangi. Leah alikuwa amekaa mlangoni akichambua karanga kwa vidole, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mikono ikasimama. "Ni wewe? Sogea nikushike." Akampapasa uso mzima, masikio mpaka kidevu, halafu akasema kwa Kinyiramba kwamba amekonda kama fito, na akacheka. Siku hizo za kwanza Marietha alilala. Alilala mchana, akaamka, akala uji uliotiwa maziwa, akalala tena. Mama yake alikaa kando akimfukuzia nzi asiowaona. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wawili, wamewekeshwa na Paulo, mdogo wake Leah, tangu dada yake alipoanza kushindwa na jembe. Leah alikamua mwenyewe kwa mazoea ya vidole. Ndiyo kazi kubwa pekee iliyobaki ambayo haikuhitaji macho, na aliionea fahari.

Marietha alikuwa ameanza kusahau uchovu pale kengele ya kijiji ilipogongwa. Watu wakakusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Urbano, bwana mifugo wa eneo hilo, kijana mwenye adabu, aliwaamkia wazee kwanza, kisha akasoma agizo. Taarifa mpya imeonyesha kwamba ng'ombe wa Iramba ni wengi kuliko malisho. Kila kaya itapeleka mnadani sehemu ya ng'ombe wake, kwa kufuata kadi. Akaanza kusoma majina. Kwa Paulo: wawili. Kwa mama Leah: mmoja.

Paulo akasimama. "Ndugu Urbano, mimi ng'ombe wangu wote ni watatu. Mmoja ninaye, wawili wako kwa dada. Nikitoa wawili na dada akatoa mmoja, tutabaki na nini?"

Mtu mwingine akapaza sauti kwamba kwake ni hivyohivyo. Akafuata wa tatu. Urbano akainua karatasi kama mtu anayejikinga jua. "Wazee wangu, mimi nawaelewa. Kwetu pia tunawekesha. Lakini mashine ya mkoa imeshahesabu. Nitaibishiaje?"

Leah akaomba ashikwe mkono asimame. Marietha akamshika, akijua kinachokuja.

"Mwanangu huyu anafanya kazi huko huko mkoani," Leah alisema, akiugeuza uso wake kwa watu wote. "Ofisi hiyo hiyo ya ng'ombe. Walikosea bila kujua. Yeye atawaambia. Waeleze, mwanangu."

Watu wakamgeukia Marietha. Wengine walitabasamu, wamepata mtu wao. Marietha angeweza kusema kwamba atapeleka ujumbe, na wangemshukuru. Aliitafuta sentensi hiyo na kweli aliipata, akaiacha.

"Hawakukosea bila kujua," alisema. "Niliyeulizwa kama hesabu hiyo inafaa ni mimi. Niliona ng'ombe wa kuwekeshwa wamehesabiwa mara mbili. Nikaandika kwamba inafaa."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Paulo alikaa chini taratibu. Urbano alikunja karatasi yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hawezi kulisimamisha agizo, ila mkoa ukileta taarifa nyingine ya kaya kwa kaya kabla ya mnada, hapo sawa. Akauliza nani huko mkoani anaweza kuitengeneza upesi hivyo. Kisha akamtazama Marietha na hakurudia swali.

Mkono wa Leah ulikuwa bado umeshika wa binti yake. Haukuuacha, lakini ulilegea.

"Ulichoka kiasi hicho?" aliuliza.

"Nilichoka, mama. Nilitaka kuja kwako."

Leah aliyageuza macho yake meupe kwa watu ambao hakuwaona. Kisha akamsogeza binti yake pembeni, kuelekea barabara ya Iguguno, akamsukuma mgongoni kidogo.

"Umeshafika, nimekushika," alisema. "Sasa rudi ukawahesabu."