Mama Ukingo Hataki Alama ya Kidole

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Katika chumba cha nyuma cha studio ya picha, ghorofa ya pili, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu anavua pete yake ya ndoa na kuiweka ndani ya kiberiti kitupu. Ananawa mikono kwa sabuni, anaikausha kwa taulo, kisha anaipunga hewani mpaka iwe mikavu kabisa.

"Pete inakwaruza," anasema. "Na kidole kilichotoka kula ni kibaya kuliko pete."

Hapa kazini wanamwita Mama Ukingo, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Mtu akinyoosha tu mkono kuelekea diski, anasikia: "Shika ukingo!" Mwandishi wa makala haya alipata karipio lake dakika ya tatu baada ya kuingia. Alinyang'anywa diski bila hata samahani, na haki ilikuwa upande wa mama.

Chumbani mna diski 2,140. Ni harusi, mahafali na mazishi yaliyorekodiwa na studio hii kwa miaka ishirini na sita. Zimesimama wima rafuni, kila moja na kasha lake, na pazia zito limefunika dirisha ili jua lisizifikie.

"Nyumbani kwenu mnachomeka mbili mbili kwenye bahasha moja, si ndiyo?" anauliza, na hangoji jibu. "Zinasuguana wee, halafu mnaigombeza deki."

Anafuta vumbi kwa kipande cha fulana kuukuu ya pamba, laini kwa kufuliwa miaka mingi. Fulana ni ya mumewe, ambaye analalamika kwamba zikianza tu kumkaa vizuri, zinatoweka. Anafuta kutoka kwenye tundu la katikati kwenda nje, moja kwa moja. Kuzungusha ni marufuku.

"Mashine inasoma kwa kuzunguka. Mkwaruzo ukikatisha njia, inauruka inaendelea. Ukifuata njia, inapotea nao. Sasa wewe ukifuta kama unaosha sahani, unaua."

Leo ana mgeni. Kwenye kiti cha plastiki kando ya meza ameketi binti wa miaka ishirini na minne anayeolewa Jumamosi. Baba yake alifariki binti akiwa na miaka mitatu, na sauti yake haikumbuki hata kidogo. Anajua kitu kimoja tu: siku ya harusi yake mwenyewe, baba alisimama akasema maneno, na studio hii ilikuwepo.

"Yetu ya nyumbani ilikwisha kitambo," binti anaeleza. "Ilipoanza kukwamakwama, mjomba akaitundika bafuni. Akaifanya kioo cha kunyolea ndevu."

Mama Ukingo anafumba macho kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Anaivuta diski namba 37, ambayo bado hajainakili, kutoka rafu ya juu. Anabonyeza katikati ya kasha ili iachie yenyewe, maana kuing'oa kwa kuipinda ni namna nyingine ya kuiua. Anaishika ukingo na kuielekeza kwenye taa, akiigeuza polepole. Hakuna mkwaruzo, lakini imeishi robo karne, na diski hizi zikizeeka huweza kugoma bila hata kuguswa. Hilo hamwambii binti.

Deki inaimeza. Inavuma, inanyamaza, inavuma tena. Mwenye studio, kijana wa miaka thelathini na tano aliyerithi biashara kwa baba yake, amekuja kusimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Ndiye aliyetaka mwaka jana chumba hiki kisafishwe na diski zitupwe. Mama Ukingo alimwomba ampe muda azinakili zote kwenye kompyuta kwanza, naye akampa mpaka Desemba.

Kioo kinawaka. Anaonekana kijana mwembamba ndani ya koti lililomzidi mabega, kashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Jamani mnisamehe, mimi kusema mbele za watu siwezi," anasema. "Nina moja tu. Huyu mke wangu anacheka vizuri. Kazi yangu ni kuhakikisha haachi."

Watu wanapiga vigelegele. Binti anasogelea kioo. Anaomba irudishwe nyuma, kisha tena, na mara ya tatu anacheka huku machozi yanamtoka.

"Kumbe anaongea harakaharaka kama mimi! Mama hajawahi kuniambia."

Mlangoni, chai imepoa. "Dada mkubwa," mwenye studio anasema, "chukua muda wako. Hiyo Desemba tuiache."

"Nimekusikia, na huyu mwandishi amesikia pia," Mama Ukingo anajibu, na mwandishi anathibitisha kwamba alisikia.

Ananakili kazi ile kwenye kompyuta, halafu kwenye diski mpya. Binti, kwa furaha, anachomoa kalamu ya wino mkobani aandike jina la baba yake juu ya diski. Kalamu inanyakuliwa kabla haijagusa.

"Andika kwenye bahasha, mwanangu. Tena kabla hujaitia diski ndani."

"Lakini mama, huu si upande wa juu tu?"

"Ndio huo! Watu wote wanaulinda uso unaong'aa. Uso una plastiki nene, ukikwaruzika kidogo unasuguliwa unapona. Sidii mgongoni ina rangi tu, na maneno yako chini yake hapo hapo. Mgongo ukitoboka, hakuna fundi."

Anajua kwa sababu alifanya mwenyewe. Mwaka mmoja kabla ya kuajiriwa hapa, alirekodiwa harusi yake na studio nyingine, ambayo haikubakiza nakala. Diski ilipofika nyumbani alichukua kalamu akaandika jina lake na la mumewe, kwa mapenzi, kwa kukandamiza. Wino ulipopita, kumbukumbu ilikatika. Baba yake mzazi anasimama kutoa nasaha, anakohoa, anafungua mdomo, na picha inaganda. Miaka miwili baadaye mzee alifariki. Hadi leo yeye na mumewe wanabishana mzee alisema nini.

"Nilipokuja kuomba kazi, sikujua kamera wala kompyuta. Nilimwambia marehemu bosi kwamba najua diski inavyokufa. Akanipa funguo."

Kwa miaka ishirini na mitano, anasema kwa kidevu kilichoinuka, hakuna diski hata moja iliyokwaruzwa ndani ya chumba hiki. Mwenye studio anatikisa kichwa kukubali.

Mpaka sasa amenakili 1,312. Zimebaki 828, na anakusudia kuzimaliza zote. Ya harusi yake, aliyoileta kutoka nyumbani, ameipangia zamu ya mwisho kabisa.

"Nitainakili na kukwama kwake," anasema akivaa tena pete yake. "Kabla ya kuganda mzee anawahi neno moja. Anasema, 'Mwanangu.' Hilo liko safi, halina hata mkwaruzo."