Pointi za Kwenda Bute

Kadi ile niliuziwa na binti wa benki aliyekuja ofisini kwetu Garissa na mkoba uliojaa karatasi za rangi. Kwenye kila karatasi palikuwa na mume na mke waliovaa miwani ya jua, wakicheka kwenye ngazi za ndege. Alinieleza taratibu: nikinunua kitu kwa kadi napata pointi, pointi zikijaa zinageuka tiketi. "Pesa utazitumia tu," alisema. "Tofauti ni kwamba sasa utasafiri bure." Nilitia sahihi kabla hajamaliza chai yake.

Ambalo binti yule hakulisema, na mimi sikuuliza, ni kwamba Garissa nzima inalipana kwa simu. Mama wa maziwa ya ngamia analipwa kwa simu, muuza miraa kwa simu, hata ombaomba wa nje ya msikiti ameandika namba yake kwenye kipande cha kadibodi. Mashine ya kadi iliyokuwa karibu nami ilikuwa ya supamaketi, nayo haikushika mtandao mpaka keshia aipeleke mlangoni na kuiinua juu ya kichwa, huku watu wa foleni wakinitazama kama mtu aliyekuja kulipa kwa ngozi za mbuzi.

Sikukata tamaa. Nilimhama mchinjaji wa mtaani kwetu Waberi, ambaye hana mashine, nikaanza kununua nyama iliyogandishwa ya supamaketi. Mke wangu aliiweka pakiti mezani akaitazama kwa muda.

"Hii imetoka wapi?"

"Nairobi."

"Na Nairobi ilitoka wapi?"

Jibu nililijua. Kila wiki malori ya ng'ombe huondoka soko letu la mifugo kuelekea Nairobi.

"Basi imesafiri kuliko wewe," alisema, akaiingiza kwenye friji.

Ndugu zangu walinielewa zaidi. Yeyote aliyetaka kununua kitu kikubwa alikuja kwangu: mimi nipitishe kadi, yeye anitumie pesa kwa simu papo hapo. Kwa njia hiyo nilinunua matairi ya lori la binamu, tangi la maji la shemeji na godoro ambalo hadi leo sijui ni la nani. Nikajiunga pia na kundi la mtandaoni la wataalamu wa pointi, vijana wa Nairobi wanaozungumzia viti vya mbele vya ndege kama sisi tunavyozungumzia malisho. Hao walinifundisha kwamba kuchukua blenda kwa pointi ni upumbavu. Pointi zitumike kwenye safari fupi yenye nauli kubwa. Hapo ndipo kila pointi inapata thamani yake yote.

Nilikaa chini nikapiga hesabu. Safari iliyoshinda zote ilikuwa ya Nairobi hadi Wajir.

Kana kwamba imepangwa, mtoto wa mwisho wa Eedo, yaani shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alipata mchumba Bute, mbele kabisa ya Wajir. Eedo alikuwa amemtafutia kijana huyo mke kwa miaka na alitaka kuwapo tangu neno la kwanza la harusi. Pia alikuwa hajapanda ndege maishani. Nilimwendea nikamwambia asihangaike na barabara na vumbi. Nitampeleka kwa ndege, bure, kwa pointi zangu. Aliniombea dua ndefu. Jioni ile Waberi nzima ilijua.

Alipomaliza kupokea pongezi, alinivuta pembeni.

"Ndege yenyewe iko wapi?"

"Nairobi."

Eedo alinyoosha mkono wa kulia upande wa Nairobi. Akanyoosha wa kushoto upande wa Bute. Akabaki hivyo, mikono imetanda, sisi wawili na Garissa tukiwa katikati.

"Bila bointi tungepita wapi?" aliuliza, maana p kinywani mwake huwa b.

"Moja kwa moja. Lakini kwa gari."

"Na gari ni la nani?"

"La ndugu zako. Wamekodi landkruza."

Aliishusha mikono. "Sawa," alisema. "Nimeshawaambia watu ni ndege."

Basi la Nairobi lilituchukua karibu siku nzima. Tulilala hotelini Isli, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, chumba nilicholipia kwa kadi na kupata pointi, jambo lililonifariji sana. Kodi za uwanja pia nililipa, kwa sababu tiketi ya bure hailipii kodi. Asubuhi tulifika uwanjani, Eedo amevaa gauni jipya la dirac, miguuni hina. Binti wa kaunta alitazama kompyuta, akatutazama sisi, akatazama tena kompyuta.

"Ndege imejaa, mzee. Mtasafiri kesho."

Nilimwonyesha kwamba nilishika nafasi mapema kuliko wengi waliokuwa kwenye foleni. Alikubali. "Lakini hizi ni tiketi za pointi," alisema kwa upole. "Hizo ndizo tunazoanza nazo tukipunguza watu."

Tulirudi Isli. Simu zikaanza. Bwana harusi alipiga akiwa njiani, nyuma ya landkruza pamoja na mke wangu: "Mama yuko wapi? Tumepita Modogashe!" Akapiga tena wakiwa Wajir, wanakula. Kila mara Eedo aliipokea simu, akasema kwa utulivu, "Tuko na mambo ya ndege," kama mtu mwenye shughuli nyingi mno, akaikata. Kisha akanigeukia.

"Wakianza bila mimi," alisema, "nitakuuza sokoni pamoja na hiyo kadi."

Siku iliyofuata tulipanda. Nusu ya nyuma ya ndege ilikuwa magunia ya miraa, na harufu yake ilikuwa mbichi, kama shamba lililonyeshewa. Eedo alikaa dirishani, akasoma dua mpaka tulipotulia hewani, halafu akaanza kutazama chini. Nami nilipumzika. Nilikuwa nikijumlisha nauli ya kawaida ya safari ile na kuigawanya kwa pointi zangu, nikawa naona hesabu inatoka vizuri ajabu, ilimradi nisiingize basi, hoteli mara mbili na teksi.

Ghafla Eedo alinishika mkono.

"Ule si mto wetu?"

Ulikuwa Tana, na miti yake ya kijani pande zote mbili, na daraja, na mabati ya Garissa yakimeta. Rubani alikuwa amezungukia mashariki kukwepa wingu la mvua, nasi tulikuwa juu ya nyumba zetu wenyewe.

Mhudumu alipopita, Eedo alimsemesha kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Binti yangu, hapo chini ni kwangu. Mwambie dereva abunguze kidogo, nimesahau ubani."

Mhudumu alicheka akidhani ni utani. Sidhani ulikuwa utani. Eedo aliendelea kutazama nyuma mpaka mji ukapotea, kisha akauliza ni pointi ngapi tumelipa ili kuja kuiona Garissa.

Tulitua Wajir, tukapata gari, na kutoka hapo hadi Bute tulilila vumbi lote nililomwahidi Eedo kwamba hataliona. Mke wangu alikuwa mlangoni kwa wakwe, ameoga, ameshiba, ameshazoeana na kila mtu.

"Karibuni kutoka Ulaya," alisema.

Nilitegemea lawama, nikakuta wametusubiri. Bila mama wa bwana harusi hawakuthubutu kuanza. Na ile habari ya ndege ya bure ilikuwa imefika mbele yetu. Wanawake walimchukua Eedo ndani, naye akawasimulia jinsi Garissa yote ilivyotoshea kiganjani mwake. Wanaume walinizunguka mimi.

Ngamia wa mahari walikuwa wameshatolewa tangu siku ya posa. Ilibaki sehemu ya fedha. Baba wa bibi harusi alinisikiliza nikieleza pointi, akafikiri, akainua kidole. Wakwe zetu huzungumza Kiborana na sisi Kisomali, kwa hiyo mambo yote mazito yalifanyika kwa Kiswahili.

"Hiyo pesa ya mahari," alisema, "ikilipwa na kadi, pointi inatoka?"

Nilikiri kwamba inatoka.

"Inatoka kwa nani?"

"Kwa mwenye kadi."

"Hapana," alisema. "Msichana ni yetu. Pointi ni yetu."

Mjomba wangu upande wetu alikataa. "Besa ni yetu! Bointi inafuata besa, haifuati bibi harusi!"

Mmoja akapendekeza pointi zigawanywe nusu kwa nusu. Mwingine akasema zibaki zote kwa maharusi, akazomewa na pande zote mbili. Bwana harusi alisimama mara tatu kutaka kusema, akaketishwa mara tatu. Chai ilipoa. Hatimaye sheikh aliyekuja kufungisha ndoa, ambaye alikuwa amekaa muda wote na kitabu mapajani, aliuliza mashine ya kadi iko wapi.

Hakuna aliyekuwa na mashine. Hapo tulipokaa, hata simu ilishika mtandao kwa kubahatisha.

"Basi tufungishe nikaha," alisema sheikh, "pointi mtagombania mkifika penye mashine."

Fedha zilitolewa taslimu, ndoa ikafungwa, Eedo akalia kama mama yeyote. Tulirudi na landkruza, maana pointi zilikuwa za kwenda tu. Eedo alipewa kiti cha mbele, akalala mpaka Garissa.

Nilidhani safari ile imemponya. Juzi alinipigia akitaka kujua pointi za hadi Jeddah, za watu wawili, kwenda na kurudi. Nilimweleza ukweli: kwa mtu wa mapato yangu, labda nijenge ghorofa nzima kwa kadi.

Akasema kiwanja anacho.