Ubao Uliofaulu Mezani

Nati hatulii. Mkewe husema kiti chake cha nyumbani kina miaka sita na bado kinanukia upya wa dukani, kwa kuwa hakikaliwi. Jina lenyewe alibandikwa kwa sababu mifuko yake imejaa nati na skrubu, na akitembea hulia kama mbuzi mwenye kengele. Asubuhi ile karakanani mifuko ililia mpaka fundi wa simu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Kilichomkosesha raha ni ubao mama, lile bamba pana la ndani ya kompyuta ambalo kila kitu huchomekwa juu yake: prosesa, memori, feni, nyaya za umeme. Chuo kimoja kilitaka kompyuta arobaini za kufanana. Shemeji yake, kaka wa mkewe na mwenye karakana anayofanyia kazi, alileta ubao mmoja wa mfano. Jana Nati aliukagua akaupitisha. Leo saa nne msimamizi wa maabara ya chuo angefika kulisikia neno hilo kwa masikio yake, kisha mbao nyingine ziagizwe.

Nati hukagua amefumba macho. Kompyuta za maabara hukaa chini ya meza, na fundi huzihudumia amepiga magoti gizani kama anayetafuta hereni. Kwa hiyo ubao ambao vidole haviujui bila macho, haupiti. Jana vidole vilifika kote bila kuuliza njia. Shemeji akafurahi, akapiga simu chuoni papo hapo.

Ila leo asubuhi, akipiga mswaki nyumbani, Nati alijikuta anaigiza kwa mkono wa pili kuchomeka plagi ya umeme wa prosesa, ile ya pembe ya juu kabisa. Mkono ukagonga kabati la ukutani. Akabaki na povu mdomoni. Ubao aliupima umelala mezani, na mezani hakuna ukuta. Ndani ya kasha la kompyuta, juu ya pembe ile ile, hukaa boksi la kugawa umeme.

Kuhakikisha ilikuwa kazi ya dakika kumi. Kasha lilikuwa pale, hatua tatu kutoka alipo. Akalizunguka. Akafagia palipokwisha kufagiwa, akapanga bisibisi kwa urefu, akazipanga tena kwa rangi. Miaka yote hiyo hajawahi kurudisha neno lake, na shemeji alimtangaza kwa wateja kwa sifa hiyo hiyo.

Shemeji akamwambia akae, anamtia kizunguzungu.

Msimamizi akaingia, mama mrefu mwenye miwani kichwani, akauliza kama waagize. Shemeji akamwonyesha Nati kwa kidevu.

"Naomba dakika kumi, mama," Nati akasema.

Akaufunga ubao kwenye kasha, akakaza skrubu, akaliweka boksi la umeme mahali pake. Akafumba macho, akaingiza mkono. Memori, sawa. Feni, sawa. Kwenye ile pembe vidole viwili vikapita, vifundo vikakwama kati ya boksi na chuma cha kupozea prosesa. Akasukuma, ngozi ikachubuka. Plagi ingeingia, ndiyo, kwa koleo, kwa tochi na kwa matusi machache. Shemeji alikuwa anamtazama, akitaka aseme hivyo.

Nati akampisha msimamizi ajaribu. Mama akaingiza mkono, akausokota, akautoa.

"Si jana mlinipigia kwamba unafaa?"

"Jana niliupima mezani, mama. Nilikosea mimi, shemeji hakukosea."

"Na zote arobaini zingekuwa hivi?"

"Zote. Kila plagi hiyo ikilegea, mngeng'oa nusu ya kompyuta."

Mama akashusha miwani, akaangalia ile pembe kwa muda, akasema watafute ubao mwingine, na siku ya kuupima aitwe, aone kwa macho yake. Akaaga.

Shemeji hakufoka. Afadhali angefoka. Akachukua simu ampigie muuzaji, akamwambia Nati asimame pale pale asikie. Nati akasimama, vidole vikichezea nati mfukoni. Shemeji akaeleza kwamba fundi wake amekosea kipimo. Muuzaji hakusikia vizuri, akaomba arudie. Shemeji akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na ng'ambo ya ukuta fundi wa simu akacheka.

Miguu ilimtaka Nati atoke nje. Akavuta kasha karibu, akaanza kuufungua ule ubao.