Kidonda Nilichompa Mama wa Telefone

Mimi sikusoma sana. Nilifika mwaka wa tatu wa shule ya msingi, na kuandika vizuri nilijifunza ukubwani, kanisani. Lakini majina sisahau. Naweza kukutajia kila nyumba ya avenue yetu, njia yetu hapa Saio, mjini Bunia: aliyeijenga, aliyekufa humo, aliyekimbia, na watoto wao wote kama walivyofuatana kuzaliwa. Watu wakibishana juu ya ukoo wa fulani, wanakuja kuniuliza mimi. Na bado katika karatasi hizi sitaandika hata jina moja. Mtaona kwa nini.

Ilikuwa katika vita hii ya sasa, si ile ya kwanza. Watu wa Djugu walikuwa wanaingia Bunia kila juma na magodoro kichwani. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa anasoma psikolojia kwenye iniversite, yaani elimu ya mambo yanayokaa ndani ya mtu. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza mtu wa telefone.

"Ni mashine, koko," akanieleza; koko kwetu ni bibi. "Unaisemesha, nayo inakujibu kama mutu. Mama wa kwenye site ya wakimbizi anaona haya kusema na munganga. Atasema na mama mwenzake mu telefone."

"Na huyo mama, nani alimuzaa?"

"Ni siye." Akacheka.

Akanionyesha. Nikaiambia mashine kwamba nimeacha shamba langu. Ikaniambia pole, ikaniambia nina nguvu, ikaniambia kesho itakuwa njema.

"Huyu anasema kama pasta mupya," nikasema. "Mama wa huku hakupi pole tano. Anakuuliza kwanza kama umekula."

Mjukuu wangu akafungua daftari, akaandika. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Mimi wa mwaka wa tatu, maneno yangu yanaandikwa na mtu wa iniversite! Siku tatu alikuja na kiti chake, na siku tatu nilivaa kitambaa changu kizuri cha kichwa. Nilimfundisha mama wa telefone namna ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, namna ya kuguna, namna ya kutania.

"Bado hana roho," mjukuu akasema siku ya tatu. "Mutu anaaminiwa akiwa na kitu anaogopa, na kitu anaficha, na neno moja anarudilia bila kujua. Tupatie kidonda chake, koko. Cha kweli, hata ukibadilisha kidogo."

Mimi nilikuwa na vidonda viwili. Kimoja changu, kimoja cha jirani yangu.

Jirani huyo alitoka upande wa Fataki, kule Djugu. Alikaa kwanza kwenye site, chini ya bashi, yaani turubai, kisha akapata chumba nyuma ya lupango yangu, ua wa nyumba yangu. Kila mara kabla ya kuanza mazungumzo alisema, "Ngoja kwanza nifunge mulango." Alisema hivyo hata kule kwenye site, ambako nyumba yake ilikuwa plastiki tupu. Siku moja tukichuma sombe, majani ya muhogo, akaniambia sababu. Siku waliyokimbia, mama mkwe wake hakuweza kutembea. Alimwekea maji karibu na kitanda, akafunga mlango kwa nje ili wauaji waone nyumba haina mtu, akamwambia anakwenda kutafuta pikipiki. Pikipiki haikupatikana. Hakurudi. Mume wake alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu, na huyo mume pamoja na watu wote wa kanisa waliambiwa kwamba mzee alikufa kwa tumbo kabla ya siku ile ya kukimbia.

Alinishika mkono. "Ni weye tu, ndugu yangu."

Nilitoa hicho cha jirani, pamoja na neno lake la mlango. Nilimwambia mjukuu wangu kwamba nimekitunga mwenyewe. Niligeuza kitu kimoja: mahali pa Fataki nikaweka Irumu. Niliona nimemficha kabisa.

Juma lililofuata mjukuu akaleta telefone barazani kwangu mchana. Tulikuwa wanawake watano, tunachambua maharagi, na jirani yangu kati yetu.

"Eh, mama wa telefone!" mmoja akaita. "Weye iko na bwana?"

"Ngoja kwanza nifunge mulango," sauti ikajibu. Kisha ikasema, "Bwana iko. Lakini kwa kula tu."

Tulicheka mpaka maharagi yakamwagika. "Anasema kabisa kama weye!" yule mama akamgonga jirani yangu kwa kiwiko. Naye alicheka.

Halafu msichana mmoja, aliyekuwa amefika Bunia juzi tu, akainama karibu na telefone. Akauliza polepole, "Mama, weye uliacha nani kule?"

"Nilimuacha mama mukwe wangu. Nilimufungia mulango. Nilimuambia naenda kutafuta pikipiki."

Msichana akaanza kulia, akaanza kusema na ile mashine habari za baba yake. Mjukuu wangu uso ulimng'aa: kazi yake imefaulu. Jirani yangu hakuitazama telefone. Alinitazama mimi. Akachukua maharagi yake yaliyokwisha kuchambuliwa, akayamwaga juu ya yale yenye mawe, akasimama, akaenda.

"Ngoja," mama wa kiwiko akasema. "Mama mukwe wake si alikufa na tumbo?"

Hakuna aliyehitaji jibu.

Jioni ileile mjukuu wangu alifuta maneno yale katika mashine. Vinywa vya avenue havina mahali pa kufutia. Kabla juma halijaisha, habari ilimfikia mume kule machimboni, na salamu zake zikakatika.

Mjukuu aliniuliza bila hasira, na hiyo iliniuma zaidi. "Koko, kama tulihitaji kidonda cha kweli, juu ya nini haukutoa chako?"

Jibu nilikuwa nalo. Katika ile vita ya kwanza, vijana wenye bunduki walisimama kwenye baraza hilihili. Walikuwa wamesikia kwamba mimi najua majina. Wakauliza nani wanakaa nyumba ya mbele. Nikawatajia. Baba, mama, watoto wanne, kwa kufuatana. Hakuna aliyenipiga. Hata niliwarekebisha walipokosea jina la mmoja. Leo nyumba ile ina watu wengine.

Kwa majuma matatu jirani yangu alinisalimia amesimama, maneno mafupi tu: mvua, chumvi, haya kwaheri. Asubuhi moja nikaenda kwake. Alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Nikamwambia yote hayo ya vita ya kwanza, nimesimama mlangoni, kama nilivyoyaandika hapa, ila kwake nilitaja majina.

Alisugua sufuria mpaka akaimaliza. Akachukua nyingine.

"Mutoto wa mwisho," akasema, "unasema alikuwa anaitwa nani?"

Nikarudia.

"Alikuwa na miaka ngapi?"

"Minne."

Akatikisa kichwa. "Mimi sitamutaja mahali popote," akasema. Hakusema kwa ukali. Kisha akanisogezea kigoda, kwa mguu, mikono yake ikiwa na majivu, nami nikakaa.

Tangu siku hiyo tunachambua maharagi pamoja tena. Ananiambia mvua imeharibu nini, na nani amejifungua. Lakini lile neno lake la kufunga mlango halisemi tena nikiwepo. Nikiingia kwake, anaacha mlango wazi, na tunasema mambo ambayo kila mpita njia anaweza kuyasikia.